Namna ya Kutenda Wema wa Kila Siku Nairobi Bila Kumvunjia Mtu Heshima

Watu husema Nairobi ni shamba la mawe, na wanaosema hivyo wana sababu zao. Anayeamka saa kumi alfajiri ili aiwahi matatu kabla nauli haijapanda, kisha akarejea nyumbani saa tatu usiku akiwa amechoshwa na foleni na mvua, habaki na nguvu nyingi za kuuliza jirani ameshindaje. Hata hivyo nimeishi hapa miaka ya kutosha kuona kwamba wengi wetu hatukosi huruma. Tunachokosa ni utaratibu. Huruma hutujia kwa ghafla tunapoona kwenye simu picha ya mtoto aliyelazwa, tukatuma shilingi mia mbili, halafu asubuhi inayofuata tukampita kimya mama aliyetukopesha sukuma wiki tangu Jumanne. Mwongozo huu ni wa mtu ambaye angependa kuitoa huruma yake kwenye matukio ya dharura na kuileta kwenye njia anayopita kila siku.

Jua ni nani walio njiani pako

Kazi ya wiki ya kwanza haihitaji pesa hata kidogo. Chukua kipande cha njia kutoka mlangoni pako hadi kwenye stendi unakopandia gari, kisha uwahesabu watu unaowaona hapo kila siku: soja wa geti, mama mboga, kijana anayesukuma mkokoteni wa mitungi ya maji, fundi viatu, mfagiaji wa barabara, mhudumu wa kibanda cha M-Pesa, waendesha bodaboda wanaokaa chini ya mti. Huenda ukapata watu kumi au kumi na watano. Sasa jiulize ni wangapi unaowajua kwa majina.

Mimi nilianguka mtihani huu vibaya. Kwa karibu miaka miwili nilimwita mlinzi wa ploti yetu "soja" tu, mpaka siku niliyompigia simu mwenye nyumba kulalamika kuhusu maji, naye akaniuliza ni mlinzi yupi aliyekuwa zamu. Sikuwa na jibu. Mtu huyo alikuwa amenibebea mitungi hadi orofa ya nne mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Kumwuliza mtu jina lake baada ya miaka miwili kuna aibu yake, na dawa yake ni kuanza na la kwako: "Tumeonana siku nyingi na sijawahi kujitambulisha, mimi ni fulani wa nyumba namba kadhaa." Kwa mtu mzima kuliko wewe, tanguliza "mzee" au "mama" na ungoje akuambie angependa kuitwaje. Mtaani tumezoea kuwaita akina mama kwa jina la mtoto wa kwanza, na desturi hiyo ni nzuri, ila usimbandike mtu umama au jina la mtoto kabla hujajua. Wapo waliofiwa, na wapo waliotafuta mtoto bila kupata. Ukishalipata jina, litumie. Salamu yenye jina na swali moja la kweli, kwa mfano kuhusu zamu ya usiku au mtoto anayefanya mtihani, huchukua nusu dakika, na ndiyo itakayokuwezesha baadaye kutambua kwamba leo fundi hayupo, au kwamba mama mboga amefungua kibanda akiwa na macho mekundu.

Lipa kabla ya kutoa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wetu tunapojidanganya. Hakuna maana kumpelekea mama mboga zawadi ya Krismasi ikiwa jina lako limelala kwenye daftari lake la madeni tangu Oktoba. Fikiria jinsi biashara yake inavyokwenda. Huondoka nyumbani gizani kwenda Marikiti au Muthurwa, akanunua nyanya, vitunguu na mboga kwa pesa alizo nazo mkononi asubuhi hiyo. Wateja kumi wakiwa na deni la shilingi 200 kila mmoja, anaingia sokoni akiwa amepungukiwa shilingi 2,000, na pengo hilo ama hulijaza kwa mkopo wa simu wenye riba, ama hununua mzigo mdogo utakaomalizika kabla watu hawajatoka kazini, ilhali saa hizo za jioni ndizo za kuuza. Kwa hiyo chagua siku moja ya wiki uwe unalipa kila unachodaiwa mtaani bila kungoja kukumbushwa. Siku ambayo huna, pita pale pale umwambie huna na utapata lini, kwa kuwa mteja anayebadilisha njia ili asionekane humuumiza mama huyo kuliko deni lenyewe.

Ni vivyo hivyo kwa mama fua. Elewaneni bei kabla hajaloweka nguo, na ukiongeza blanketi mbili katikati ya kazi, ongeza na malipo bila kusubiri alalamike. Mlipe siku hiyo hiyo, kabla hajasimama mlangoni akijifanya anatafuta viatu, maana mara nyingi pesa hizo ndizo unga wa jioni. Chakula cha mchana mpe kwenye sahani zile zile mnazolia nyinyi. Nimewajua watu wakarimu kabisa, wenye kutoa sadaka kila Jumapili au kila Ijumaa, ambao jikoni mwao kuna kikombe cha plastiki kilichotengewa "wafanyakazi", na sijaweza kuwaelewa.

Ukimwajiri mtu kwa mwezi mzima, mshahara wake ulioandikwa katika sheria, siku yake ya mapumziko na likizo yake ni haki anazodai, kwa hiyo usizihesabu miongoni mwa mambo mema uliyotenda mwaka huo. Wema huanzia pale haki inapokuwa imekwisha kulipwa.

Uliza faraghani, kisha uliamini jibu

Wakati fulani nilikusanya nguo zilizokuwa zimewabana wanangu, nikazitia mfukoni na kumkabidhi jirani kwenye ngazi, mbele ya watu watatu. Alipokea na kushukuru, ila tangu siku hiyo aliacha kubisha hodi kwangu kuazima chumvi. Ilinichukua wiki kadhaa kuelewa kwamba nilikuwa nimemvua ujirani na kumvika umaskini, tena hadharani.

Tangu hapo nina kanuni mbili. Ya kwanza ni kuuliza mtu akiwa peke yake, kwa maneno yanayompa nafasi ya kukataa bila kuona haya: "Nina sare ya shule iliyobaki, je, kuna mtu unayemjua ambaye ingemfaa?" Akiitaka mwenyewe atasema, asipoitaka, atakutajia mwingine au atanyamaza. Akisema hahitaji, liamini jibu hilo hata kama unadhani anaona haya. Ya pili ni kuomba msaada pia. Mwombe jirani akushikie ufunguo, akuazime koleo, akuelekeze kwa fundi anayemwamini. Anayepokea tu kila siku huchoka kukutazama usoni, lakini mnaopeana mna ujirani.

Kwenye matatu, mvua inaponyesha na nauli ikaruka, utamsikia mtu akimsihi konda kwa sababu amepungukiwa shilingi ishirini au thelathini. Mpe konda noti yako na umwoneshe kwa ishara akate wawili, kisha urudi kutazama dirishani. Ukianza kumweleza abiria mwenzako umemfanyia nini, umeuharibu msaada wenyewe.

Ukimkuta mtu asiyeona akisubiri kuvuka Moi Avenue au Ronald Ngala, usimkamate mkono na kumvuta kana kwamba ni mzigo. Msalimie, mwambie wewe ni nani, muulize kama angependa mvuke pamoja, kisha umpe kiwiko akishike yeye, utembee nusu hatua mbele yake na umtajie ukingo wa barabara kabla hamjaufikia. Anayetumia fimbo nyeupe huenda anaijua njia hiyo kuliko wewe, na akikukatalia hajakutukana.

Kuna jambo jingine dogo ambalo wazazi wengi hawasemi kwa sauti. Katika mpango wa Dishi na County, ambao kaunti ya Nairobi iliuanzisha mwaka 2023 kwa kushirikiana na shirika la Food for Education, mzazi hulipa shilingi 5 kwa mlo wa mtoto katika shule za umma. Muhula wenye siku 65 za masomo unagharimu shilingi 325. Ikiwa wamjua mzazi ambaye hata hizo humpiga chenga, mtumie yeye mwenyewe fedha za muhula mzima mara moja, asije akalazimika kukuomba kila wiki, na mtoto asijue kamwe zilikotoka.

Mchango na siku zinazofuata

Nairobi inajua kuchanga. Neno harambee limo kwenye nembo ya taifa, na siku hizi harambee imehamia kwenye vikundi vya WhatsApp, ambako mweka hazina huandika orodha ya majina na viwango na kuirudiarudia mchana kutwa. Sina ugomvi na orodha, kwa kuwa uwazi wa fedha ni jambo la lazima, lakini orodha inayoonesha kwamba fulani ametoa 10,000 na mwingine 100 humfanya huyo wa pili akae kimya mara ijayo. Ukiwa na sauti katika kikundi, pendekeza majina yaandikwe bila viwango, na hesabu kamili ikabidhiwe familia na watu wawili wanaoaminika.

Shughuli kubwa zaidi huanza baada ya mazishi. Katika siku za matanga nyumba hujaa watu, viti vya kukodi na sufuria za chai. Wiki ya tatu hakuna anayebisha. Andika tarehe kwenye simu yako, wiki tatu na miezi mitatu baada ya msiba, na siku hizo uende ukiwa na unga, sukari na majani ya chai, ukiwa pia na nafasi ya kuketi saa nzima bila kuangalia saa. Usiseme "ukihitaji chochote nipigie", kwa maana mfiwa hatapiga. Taja jambo mahsusi: utampeleka mtoto shule Jumatatu, utafua mapazia, au utafuatana naye kutafuta cheti cha kifo na barua ya chifu, kazi ambazo humla mtu siku nzima za foleni wakati ambapo kichwa chake hakijatulia. Kumshikia mfiwa bahasha ya nyaraka na kumkumbusha kutoa nakala mbili mbili ni msaada ambao sijaona mtu akiuandika kwenye orodha ya WhatsApp.

Halafu tufikirie kabla ya hospitali badala ya baada yake. Tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya taifa iko chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, na mchango wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka, ambazo mtu asiye na mshahara hutakiwa kuzilipa kwa mwaka mzima kwa pamoja. Hapo ndipo mama fua na fundi viatu hukwama: hawashindwi na mia tatu, wanashindwa kuzipata zote kumi na mbili kwa siku moja. Majirani sita wakichanga shilingi 600 kila mmoja, watakuwa wamemlipia mwenzao mwaka mzima kwa kiwango hicho cha chini. Kwanza hakikisha amejisajili, jambo linalowezekana kwa kubonyeza *147# kwenye simu yoyote, na umwache aone mwenyewe ni kiasi gani mfumo unamtaka alipe. Bima haimalizi kila gharama, lakini majirani waliofanya hivyo hawataanzia kwenye sifuri bili itakapokuja.

Kuwa mwema bila kuwa mjinga

Atakayekuambia umwamini kila mtu katikati ya jiji hajawahi kushuka kwenye stendi ya Odeon akiwa na mkoba. Ukiombwa nauli na mtu yule yule mara ya tatu wiki hiyo kwa hadithi tofauti, unaruhusiwa kukataa kwa upole, bila hotuba. Usikubali kinywaji wala chakula kutoka kwa usiyemjua, na usimfuate mtu kwenye vichochoro kwa sababu amesema mgonjwa wake yuko hapo nyuma.

Kuhusu pesa zilizotumwa kwako kimakosa, mambo ni mepesi kuliko yanavyoonekana. Ujumbe halisi wa M-Pesa hufika kwa jina MPESA, hautoki kwenye namba ya kawaida ya simu, kwa hiyo angalia salio lako kabla ya kuingiwa na huruma. Ikiwa fedha zimeingia kweli, usizitume kwenye namba nyingine yoyote utakayopewa. Mwombe mwenye kukosea autume ule ujumbe wa muamala kwenda 456 ili fedha zirudishwe na kampuni yenyewe, na wewe usiziguse hadi zitakapoondoka. Hivyo mkweli atapata haki yake na tapeli hatapata kitu.

Kwa watoto na familia zinazolala barabarani, nina maoni ambayo si kila mtu atakubaliana nayo. Sensa ya mwaka 2018 ilihesabu watu zaidi ya 46,000 wanaoishi hivyo nchini, na wengi kupita mji mwingine wowote walikuwa Nairobi. Mimi sitoi sarafu kupitia dirisha la gari, kwa sababu sarafu huishia mara nyingi kwa mkubwa wa kundi au kwenye chupa ya gundi. Hununua chai na mkate kwenye kibanda kilicho karibu na kuuliza jina, na nisipokuwa na kitu husalimia na kusema leo sina. Usiwapige picha. Ukimwona mtoto aliye hatarini, popote alipo, piga 116, namba ya bure ya kuwasaidia watoto. Kwa mtu mzima anayepigwa au kudhulumiwa nyumbani kuna 1195.

Damu

Tarehe 7 Agosti 1998, ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa katikati ya jiji na watu zaidi ya 200 wakauawa, wakazi wa Nairobi walipanga foleni kutoa damu, na wakapanga tena Septemba 2013 baada ya shambulio kwenye jengo la maduka la Westgate. Lakini damu huhitajika hata siku ambazo hakuna habari kubwa, kwa akina mama wanaojifungua, watoto wenye upungufu wa damu na majeruhi wa ajali. Nchini Kenya sehemu kubwa ya damu hutolewa na wanafunzi wa sekondari, kwa hiyo akiba hupungua shule zinapofungwa. Ikiwa una umri wa kati ya miaka 16 na 65, uzito wa kilo 50 au zaidi na afya nzuri, nenda Aprili, Agosti na Desemba, ukizingatia kwamba mwanamume hupumzika miezi mitatu kabla ya kutoa tena na mwanamke minne. Utapimwa wingi wa damu, itatolewa takriban mililita 450, na utapewa kinywaji. Kunywa maji mengi na kula vizuri kabla ya kwenda, na siku hiyo usipange kubeba magunia.

Zaidi ya geti lako

Mambo mengine hayawezi kumalizwa na mtu mmoja na mfuko wake, na mfano ninaourudia mara kwa mara uko hapa hapa jijini. Tarehe 5 Juni 1977, Wangari Maathai na wenzake walipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji. Vuguvugu la Green Belt lililoanzia hapo limepanda miti zaidi ya milioni 50, naye akatunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004. Ila ile saba ya kwanza haikudumu yote. Miche haifi kwa kukosa sherehe. Hukosa mtu wa kuimwagilia baada ya wapiga picha kuondoka, na wengi tunaopanda miti siku za kampeni tungefanya vyema kupanda mmoja tu na kuusindikiza misimu miwili ya kiangazi.

Dandora, mtaa unaojulikana kwa jaa kubwa la jiji, vijana wa Dandora Transformation League wamekuwa wakishindanisha nyua za majumba: kila ua husafisha, hupaka rangi, hupanda maua na kuulinda. Huhitaji shindano ili uanze. Mvua za masika huja Machi, na yeyote aliyeona Mathare na Mukuru zikifurika Aprili 2024 anajua mtaro ulioziba hugeuka kuwa nini. Zungumza na majirani watatu unaowajua kwa majina katikati ya Februari, chagueni Jumamosi moja saa moja asubuhi, na mumjulishe mwenye nyumba na mzee wa mtaa ili taka zitakazotolewa zichukuliwe siku hiyo hiyo, kwa sababu taka zikiachwa ukingoni mvua ya kwanza huzirudisha mtaroni. Anzeni upande wa chini unakotiririkia maji, mpande juu polepole. Uje na reki, koleo, glavu ngumu na buti, na ulete jozi ya pili ya glavu kwa ajili ya yule jirani atakayesimama mlangoni akiwatazama, kisha akateremka.